Aliyegongwa kichwani asiulizwe kama anaweza kuendelea

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu wa maoni barua ya msomaji mwenzetu aliyetetea haki ya mchezaji wa soka kuamua mwenyewe kama aendelee na mechi baada ya kugongwa kichwani. Hoja yake aliipanga vizuri. Mchezaji ni mtu mzima, alisema, mwili ni wake, maumivu anayasikia yeye, na sisi wa nje ya mstari hatuna haki ya kumvunja moyo kijana ambaye bado anataka kuipigania timu yake. Akamalizia kwa kumsifu beki mmoja wa huku kwetu kusini aliyefungwa kitambaa kichwani na kucheza mpaka filimbi ya mwisho. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu naamini ushauri wa barua ile, ukifuatwa, siku moja utatuzikisha mtoto wa mtu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Masasi. Tangu nikiwa kazini, na zaidi baada ya kustaafu, nimekuwa nikikaa kwenye mabenchi ya timu za mchangani na mkoba wangu wa huduma ya kwanza. Vijana wananiita mama daktari. Nimewafunga vifundo vya miguu, nimewazuia damu puani, nimewasindikiza hospitali usiku. Soka nalipenda, na ndondo, yaani mashindano yetu ya mtaani ya msimu wa korosho, nazipenda zaidi, maana ndipo utakapoona wilaya nzima imesimama kwenye chaki ya uwanja mmoja. Siandiki ili vijana waache kucheza.

Nianze na pale tunapokubaliana. Kwa goti, kwa kifundo, kwa msuli wa paja, mchezaji na aamue. Anaumwa mguu lakini akili yake ni nzima. Anajua fainali ina thamani gani kwake, anajua kesho ana kazi gani, anapima, anachagua. Akikosea, amekosea akiwa na fahamu zake. Kichwa ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kilichoumia ndicho hicho hicho tunachokitaka kitoe uamuzi. Wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba watanielewa upesi. Mizani ya chama cha msingi cha ushirika, inayopima korosho zao, ikianguka chini kwa kishindo, hakuna mkulima atakayekubali usahihi wake uthibitishwe na mizani hiyo hiyo. Ataitisha nyingine. Ubongo wa mchezaji aliyegongwa ndiyo mizani iliyoanguka.

Wengi wetu tunadhani mtikisiko wa ubongo ni mpaka mtu azimie. Sivyo. Walio wengi hawapotezi fahamu hata kidogo. Ubongo ni laini, umezungukwa na maji yake ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikirushwa au kuzungushwa kwa ghafla, unatikisika humo ndani na kazi ya chembe zake inavurugika kwa muda. Si lazima kichwa chenyewe kigongwe. Kiwiko cha taya kinatosha, au bega linalomkumba mtu kifuani hadi shingo ikacheza. Si lazima kuwe na damu wala nundu. Na dalili zinaweza kuchelewa, zikaja dakika kadhaa baadaye au hata saa kadhaa, mtu akiwa ameshapanda pikipiki kwenda nyumbani. Nasikia pia watu wakijifariji kwamba kijana alipigwa picha hospitali na haikuonyesha kitu. Picha ya fuvu na hata ile ya CT scan hutafuta mfupa uliovunjika na damu iliyovuja. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Picha safi ni habari njema, lakini si ruhusa ya kucheza Jumapili.

Sasa nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, bila kutaja timu wala kijiji.

Ilikuwa nusu fainali ya kombe la ng'ombe, kipindi cha pili, timu zimetoshana goli moja kwa moja. Kona ikapigwa langoni kwetu. Beki wetu wa kati akaruka, kipa wake naye akatoka na ngumi, na ngumi ikampata beki juu ya sikio. Alianguka bila kutanguliza mikono. Hilo peke yake lilitosha kuimaliza mechi yake, maana mtu mwenye fahamu zake akianguka mikono humtangulia. Wenzake wakammwagia maji ya baridi kichwani, mmoja akampulizia ile dawa ya ganzi ya misuli, kwenye shavu! Akainuka. Jambo la kwanza alilofanya ni kuinama na kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nikaingia. Nikamuuliza leo tunacheza na nani. Akanitajia timu tuliyoitoa robo fainali. Nikamuuliza goli letu kafunga nani. Akatazama upande wa benchi, kimya, kisha akasema, "Mama, niko fiti, niache tu." Goli lile alikuwa amelifunga yeye.

Nikamwambia kocha, mtoe. Kocha yule si mtu mbaya, namfahamu, huwanunulia vijana viatu kwa fedha zake. Lakini alifanya wanachofanya makocha karibu wote. Alimwita kijana kwenye mstari, mbele ya wenzake, mbele ya mashabiki waliokuwa wameisogelea chaki hadi kuifuta kwa miguu, akamuuliza: "Unaweza?" Kijana akajibu naweza. Watu wakapiga makofi, mwamuzi akampa ishara ya kuingia, na kabla mechi haijaisha alikuwa ameshapiga vichwa vingine, kimoja kikiwa cha mpira mrefu wa kipa uliotoka juu mawinguni.

Mechi ilipokwisha alitapika chini ya mkorosho. Akauliza kama tumeshinda, akajibiwa. Baada ya muda mfupi akauliza tena, kwa sauti ile ile, akajibiwa. Akauliza tena. Mwanzoni wenzake walicheka, kisha wakanyamaza. Akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati, rafiki yake nyuma akimshikilia kichwa kisiyumbe kwenye makorongo. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kazi yake ni bodaboda, na kwa wiki nyingi hakuweza kustahimili jua la mchana wala mlio wa pikipiki, akawa mtu wa kulala chumba chenye pazia. Mkewe aliibeba nyumba kwa vitumbua. Goli lake analisikia kwa kusimuliwa tu mpaka leo.

Ndiyo maana namwambia ndugu yangu aliyeandika: kijana yule alipewa haki yote unayoidai. Aliulizwa, akajibu. Jibu lile lilitoka kwa mtu ambaye hakujua anacheza na nani.

Tena hata akili ingekuwa nzima, hebu tutazame anaulizwa katika hali gani. Kijana wa Nachingwea au Nanyumbu anajua kwamba timu ya Namungo ilitokea Ruangwa, hapa hapa kusini, ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na mwaka uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kila mechi ya mashindano anaamini kuna mtu amesimama pembeni anamtazama. Mnunuzi wa korosho ameahidi fedha kwa mfungaji. Baba mkwe yuko uwanjani. Halafu unamuuliza mbele ya watu wote hao kama anaweza! Hakuna swali hapo. Kusema siwezi ni kujiandikia jina la mwoga ambalo litamfuata hadi kijiweni na sokoni.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya mchangani tu, kwa kuwa hatuna madaktari. Tarehe 19 Juni 2014, Kombe la Dunia kule Brazil, Álvaro Pereira wa Uruguay aligongwa kichwani na goti la Raheem Sterling wa Uingereza na kulala pale bila fahamu. Daktari wa timu akatoa ishara kwamba abadilishwe. Pereira alipozinduka akamjia juu daktari, akimkatalia kwa kidole, akarudi kucheza. Dunia nzima iliona mgonjwa akimshinda daktari. Wiki chache baadaye, kwenye fainali ya Kombe lile lile, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongana na bega la Ezequiel Garay wa Argentina. Akaendelea kucheza kwa takriban robo saa, mpaka alipomfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, kumuuliza kama hii ndiyo fainali. Ni mwamuzi aliyewashtua wenzake. Kramer ni bingwa wa dunia ambaye hakumbuki sehemu kubwa ya mechi iliyompa ubingwa.

Na la karibu zaidi, bara letu hili. Tarehe 25 Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika pale Bafoussam, Kamerun, Sadio Mané wa Senegal aligongana vichwa na kipa wa Cape Verde, Vozinha. Kipa akapewa kadi nyekundu. Mané akabaki uwanjani, akafunga goli, na dakika chache baadaye akawa chini tena, akatolewa na kupelekwa hospitali. Senegal iliendelea hadi kutwaa kombe, kwa hiyo watu wakalikumbuka goli na kusahau lililotangulia. Mané ni mchezaji wa kiwango cha juu, mwenye madaktari bora, mbele ya kamera za dunia, na bado alibaki uwanjani. Beki wangu wa nusu fainali angepona vipi?

Wenye mpira wao wamejifunza, ingawa polepole. Septemba 2014, baada ya yale ya Brazil, FIFA iliruhusu mwamuzi asimamishe mchezo hadi dakika 3 ili daktari wa timu amtazame aliyegongwa, na mchezaji asirudi mpaka daktari akubali. Neno la mchezaji likaondolewa kwenye kanuni. Dakika hizo 3 hazitoshi. Kipimo kamili kinachotumiwa na madaktari wa michezo kinahitaji dakika 10 au zaidi, sehemu tulivu, na mtu aliyefundishwa. Baadaye ikaja hatua bora. Kuanzia Julai 2024, sheria za soka zinayaruhusu mashindano kutumia badiliko la ziada kwa mchezaji anayedhaniwa kupata mtikisiko wa ubongo. Badiliko hilo halihesabiwi katika yale ya kawaida, aliyetoka harudi, na timu pinzani nayo hupewa badiliko la ziada ili pasiwe na malalamiko. Ukitafakari utaona wamelenga wapi. Wamemwondolea kocha hofu ya kupoteza nafasi ya mchezaji wa akiba, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtia kinywani yale maneno, unaweza?

Sisi wa ndondo tuna nafasi ambayo hata hao hawana. Kanuni za mashindano yetu tunaziandika wenyewe, kwenye kikao cha kamati, juu ya daftari. Wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza tunakubaliana kuhusu ada, jezi, wachezaji wa kukodi kutoka mjini na adhabu ya timu inayochelewa. Hatuhitaji kusubiri barua kutoka Dar es Salaam ili kuongeza aya moja. Aya ninayoipendekeza ni hii: mchezaji aliyegongwa kichwani, usoni au shingoni, akaonyesha dalili hata moja, anatolewa na mwamuzi na harudi siku hiyo. Badiliko lake halihesabiwi, wapinzani nao wanapata badiliko la ziada, na yeye hachezi kabla ya siku 21. Hakuna anayemuuliza yeye, kocha, nahodha wala mfadhili.

Dalili zenyewe hazihitaji chuo. Ameanguka bila kujikinga. Amelala bila kujongea, hata kwa muda mfupi. Ameinuka anayumba, ameshika kichwa, anapepesa macho kwa mwanga, anaona maruwiruwi. Amekuwa mzito wa kujibu au amekuwa mkali bila sababu. Kijana mpole akianza kutukana baada ya kugongwa, hiyo ni dalili. Yako pia maswali mepesi wanayotumia waganga wa michezo: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga la mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Akikosea moja, atoke. Lakini akipatia yote na bado anayumba, atoke vilevile, kwa sababu maswali hayo ni ya kumtoa mtu, hayana kazi ya kumrudisha.

Kuna jambo linaloniumiza kila ninapoliona, nalo ni namna tunavyowainua. Mtu kaanguka kwa kichwa, shingo hatujui ikoje, wanne wanamvuta mikono na miguu kumtoa ili mpira uendelee. Mwacheni alale alipo, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, na mechi isimame. Maji ya kumwagia kichwani hayasaidii ubongo, na ya kunywesha mtu asiye na fahamu yanaweza kumpalia. Msimpe dawa za maumivu kama diklofenaki wala aspirini, maana kama kuna damu inavuja zitaongeza hatari. Asiendeshe pikipiki, asinywe pombe, asilale peke yake usiku ule. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, maji maji yakimtoka puani au sikioni, au ukimwamsha haamki sawasawa, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama jioni alikuwa anaongea vizuri. Kuna damu inayovuja chini ya fuvu taratibu: mtu anaongea, anacheka, halafu anazama.

Kuhusu kurudi uwanjani, Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2023 kwa ajili ya michezo ya ridhaa, yaani watu kama sisi wasio na daktari benchi: saa 24 hadi 48 za mwanzo ni mapumziko, kisha anarudi hatua kwa hatua, na mashindano asicheze kabla ya siku 21. Kwetu siku 21 ni karibu mashindano yote, najua. Lakini ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, hata pigo dogo, unaweza kuvimba kwa kasi ambayo hospitali haiwezi kuikimbiza, na walio hatarini zaidi ni vijana wadogo. Kwa hiyo nawaomba pia walimu wa michezo. Mkoa wetu wa Mtwara umewahi kuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari, tumeona vipaji vya watoto wa nchi nzima. Mtoto wa darasa la sita hana hata ule utu uzima anaoutaja msomaji mwenzetu. Na wasichana wasisahauliwe, kwenye soka na kwenye netiboli, kwa sababu wao nao huanguka na kuambiwa wanadeka.

Najua pingamizi litakalotolewa, nimeshalisikia kwenye kikao. Timu zitadanganya, mchezaji atajiangusha ili kocha apate badiliko la bure. Nawajibu hivi: atakayejiangusha hachezi tena siku hiyo na anakaa nje siku 21, na wapinzani nao wamepata badiliko. Kocha gani atanunua kitu kwa bei hiyo? Pingamizi jingine ni kwamba mwamuzi si daktari. Kweli. Lakini sheria tayari inamtaka asimamishe mchezo mtu akiumia vibaya. Hatumtaki atibu wala aupe ugonjwa jina. Tunamtaka aone, ashuku, atoe. Akimtoa mtu mzima kimakosa, timu imekosa beki mmoja kwa nusu saa.

Kuhusu mpira wa kichwa wenyewe, na wazee wa Uingereza waliopoteza kumbukumbu baada ya miaka mingi ya kuupiga, sitaingia leo. Utafiti wa Glasgow wa mwaka 2019 juu ya wachezaji wa zamani wa Scotland ulikuta kwamba vifo vya magonjwa ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa takriban mara tatu na nusu ya vile vya watu wengine. Hilo linastahili barua yake. Leo naomba hili dogo tunaloweza kulifanya kwa kalamu na daftari.

Aya ile nimeshaiandika na kuipeleka kwa kamati ya mashindano ya kata yetu. Makocha wawili wameipinga, waamuzi wote wameiunga mkono, na mwenyekiti amesema itajadiliwa kabla ya ratiba kupangwa. Nawaomba wenyeviti wa kamati za Ruangwa, Nachingwea, Newala, Tandahimba na Nanyumbu waichukue kama ilivyo hapo juu, waiweke kwenye daftari zao, na waisome kwa sauti kwenye kikao cha awali, timu zote mbili zikisikia, kabla mpira haujawekwa kati.

Muuguzi mstaafu,
Masasi, Mtwara.